Mtoto wa Kiyahudi alifichwaje wakati wa Wanazi? Jibu kwa mwalimu wa historia

Swali: Ninafundisha historia sekondari, Morogoro. Tulipofika kwenye mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, wanafunzi waliniuliza mambo ambayo kitabu hakijibu. Mtoto wa miaka minne aliwezaje kukaa darini miaka miwili bila kulia wala kukohoa? Nani alimlisha, na kwa pesa za nani? Vita vilipokwisha walijuaje kwamba huyu ni mtoto wa fulani? Mmoja akauliza kwa hasira kwa nini wazazi hawakujificha pamoja na watoto wao. Naomba majibu ya vitendo, si ya jumla.

Jibu: Mwalimu, tuiondoe kwanza hiyo dari. Imekaa vichwani mwa watu kwa sababu ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara mafichoni Amsterdam, lakini yeye aliingia mafichoni akiwa na miaka 13, na wale saba aliokuwa nao walikuwa watu wazima au vijana wanaoelewa kwamba kelele inaweza kuwaua. Mtoto wa miaka minne hawezi kufichwa hivyo kwa muda mrefu. Analia, anaweweseka usiku, anataka kukimbia, anapata surua. Watoto wadogo walionusurika, wengi wao waliishi mbele ya macho ya watu: walicheza uani, walikwenda kanisani Jumapili, wengine walisoma shule ya kijiji. Kilichofichwa ni jina, na jina lilifichwa kwa karatasi, kwa chakula, na kwa ukimya wa watu wengi kuliko wanafunzi wako wanavyodhani.

Nitachukua Uholanzi kuwa mfano mkuu, maana kule kazi hii inaweza kufuatwa hatua kwa hatua, tangu mtoto alipotolewa mikononi mwa askari hadi alipodaiwa mahakamani baada ya vita. Wajerumani waliivamia nchi hiyo Mei 1940. Ilikuwa na Wayahudi takribani 140,000. Kati yao 107,000 walisafirishwa, wengi wakipitia kambi ya Westerbork kwenda kambi za mauaji za Auschwitz na Sobibor, na waliorudi ni kama 5,000 tu. Rejista za wakazi zilikuwa kamili mno, hadi dini ya kila mtu iliandikwa. Nchi ni tambarare, haina milima wala misitu mikubwa ya kukimbilia, na pande zake zote ni ama Ujerumani, ama nchi nyingine iliyovamiwa, ama bahari. Watu kati ya 25,000 na 28,000 walijificha, na takribani theluthi yao walikamatwa.

Mtoto alianza kwa kutolewa. Kuanzia Julai 1942 Wayahudi waliokamatwa Amsterdam walikusanywa katika jumba la maigizo liitwalo Hollandsche Schouwburg, barabara ya Plantage Middenlaan, wakisubiri treni ya Westerbork. Jumba lilijaa, watoto wakapiga kelele, na Wajerumani wenyewe wakaamua kwamba kuanzia Oktoba 1942 watoto wadogo walale ng'ambo ya barabara, katika kituo cha kulelea watoto kilichoongozwa na Henriëtte Pimentel, mwanamke wa Kiyahudi. Uamuzi huo wa kuwapumzisha askari masikio ndio uliofungua mlango. Askari walilinda jumba usiku na mchana, lakini kituo hakikulindwa kwa ukali ule.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza wazazi waliulizwa, na bila ridhaa yao mtoto hakuchukuliwa. Pili, jina lilifutwa. Walter Süskind, Myahudi mwenye asili ya Ujerumani aliyewekwa na Baraza la Wayahudi, chombo kilichoundwa kwa amri ya Wajerumani, kusimamia shughuli za jumba, pamoja na Felix Halverstad, waliondoa kadi ya mtoto kwenye kabati la kumbukumbu na kurekebisha jumla. Hatua hii wengi huisahau wanaposimulia. Mtoto akitoroka kadi yake ikabaki, siku ya treni ataitwa, atakosekana, na wazazi na wafanyakazi wataadhibiwa. Karatasi ilipaswa kutoroka kabla ya mtoto. Kwa wachanga ilibidi wakati mwingine kuongeza ujanja: mama alipanda gari siku ya safari akiwa amekumbatia mwanasesere aliyefungwa kwenye blanketi, ili idadi ionekane sawa kwa macho.

Tatu, mtoto mwenyewe alivushwa. Tramu namba 9 ilipita katikati ya jumba na kituo. Iliposimama, iliwaziba askari wa upande wa pili kwa sekunde chache, na mwanamke mwenye mtoto alitoka mlangoni, akatembea sambamba na tramu au akaipanda. Abiria waliona, wakanyamaza. Wachanga walitolewa ndani ya mikoba, vikapu vya nguo chafu na mifuko ya mgongoni. Wakubwa kidogo walipelekwa matembezi kwa kundi, na kundi likarudi likiwa pungufu. Njia nyingine ilikuwa ya nyuma: bustani ya kituo ilipakana na ya chuo cha ualimu cha Kiprotestanti, na mkuu wa chuo, Johan van Hulst, aliwapokea watoto juu ya ua wa miti, akawaficha darasani hadi mjumbe afike. Kwa njia hizo zote waliokolewa watoto wapatao 600. Pimentel alikamatwa Julai 1943 na kuuawa Auschwitz Septemba mwaka uleule. Kituo kilipofungwa mwishoni mwa Septemba 1943, van Hulst aliwakuta watoto karibu mia moja wamebaki, akapewa nafasi ya kuondoka na wachache. Aliondoka na 12. Aliishi hadi miaka 107, na kila alipohojiwa alirudi kwa wale aliowaacha.

Wajumbe waliowasafirisha walikuwa hasa wasichana, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu vya Amsterdam na Utrecht. Kijana wa kiume ndani ya treni mwaka 1943 alikuwa na hatari yake mwenyewe, kwani Wajerumani walikuwa wakiwasaka vijana wa kiume kwa kazi za kulazimishwa. Msichana mwenye mtoto mkononi ni shangazi, dada, au yaya. Haulizwi. Vikundi vilivyofanya kazi hii vilikuwa vinne vikubwa, na havikuunganishwa chini ya mkuu mmoja. Ilipunguza ufanisi, lakini kimoja kilipovamiwa vingine havikuanguka nacho.

Sasa mahali. Vikundi vilijaribu kumlinganisha mtoto na mkoa. Wenye nywele za rangi ya ngano walipelekwa kaskazini, Friesland. Wenye nywele nyeusi kusini, Limburg, ambako wenyeji wenye nywele nyeusi si wachache. Huko Limburg, sehemu za Heerlen na Brunssum, familia nyingi zilizopokea watoto zilikuwa za wachimba makaa ya mawe. Nyumba zilikuwa ndogo na watoto tayari wengi, hivyo mmoja zaidi hakuonekana sana. Tena wachimba migodi walipata nyongeza ya mgawo kwa ajili ya kazi nzito. Limburg ilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeijua mapema: majeshi ya Marekani yalifika Heerlen Septemba 1944, ilhali Amsterdam ilikaa mikononi mwa Wajerumani hadi Mei 1945. Rangi ya nywele ilimpa mtoto miezi minane ya uhuru. Kuna waliojaribu kupaka nywele dawa ya kuzing'arisha. Ilifanya kazi wiki chache, kisha mizizi myeusi ikachomoza, na nywele za rangi mbili kichwani mwa mtoto zikamtia mashakani kuliko nyeusi za asili.

Umri ulibadilisha kila kitu. Mchanga hasemi, kwa hiyo hawezi kujisaliti, lakini anadai maziwa na nepi, na nepi hizo zitaanikwa kwenye kamba ya nyumba ambayo majirani wanajua haina mchanga. Wa miaka miwili hadi minne ndiye aliyeogopwa zaidi: anasema na haelewi. Anaweza kumwambia muuza maziwa kwamba nyumbani kwao anaitwa jina jingine. Wa miaka sita hadi kumi alifundishika, na mara nyingi akawa mwangalifu kuliko watu wazima. Aliyetimiza 15 alikuwa tatizo la aina nyingine, kwa sababu kuanzia umri huo kila mkazi alitakiwa kuwa na kitambulisho chenye picha na alama ya kidole, na cha Myahudi kilipigwa mhuri wa herufi J. Kitambulisho cha Uholanzi kilisifika kuwa kigumu kughushi. Chini ya miaka 15 hakuna kitambulisho. Tundu hilo la sheria ndilo lililowafanya watoto wafichike kwa urahisi kuliko wazazi wao, na nitalirudia kwenye swali la mwisho.

Wavulana walikuwa na jambo la ziada ambalo wanafunzi wako huenda wasilione mara moja, maana kwetu tohara ni ya Waislamu, ni ya Wakristo, ni ya makabila yenye jando. Uholanzi na Polandi za wakati ule Wakristo hawakutahiri. Mvulana aliyetahiriwa alikuwa Myahudi, basi. Askari au mhuni wa mtaani hakuhitaji karatasi, alimvua suruali. Kwa hiyo familia nyingi zilipendelea wasichana, na mvulana alifundishwa kutooga na wenzake, kutoogelea mtoni, na kukojoa akiwa peke yake. Polandi kuna wavulana waliovalishwa magauni miaka yote ya kujificha.

Halafu hadithi. Kila mtoto alihitaji maelezo mafupi ya kwa nini yuko hapa, na maelezo mazuri ni yale ambayo ofisa hawezi kuyahakiki kwa simu moja. Lililotumika sana lilikuwa la Rotterdam. Mji huo ulipigwa mabomu tarehe 14 Mei 1940, watu wapatao 80,000 wakabaki bila makazi, na mtoto yatima au aliyepelekwa kwa ndugu mashambani hakumshangaza mtu. Hila nyingine ilikuwa kumwacha mchanga mlangoni, kisha mwenye nyumba akaripoti kwamba ameokota mtoto. Ilitumika mno hadi Wajerumani wakaamuru kwamba mtoto yeyote wa kuokotwa ahesabiwe kuwa Myahudi. Wasichana wasioolewa waliandikisha wachanga kuwa wao wenyewe, wakavumilia maneno ya kijiji kizima.

Nyuma ya hadithi ilikuja dini. Friesland ilikuwa ya Kikalvini, yaani ya Kiprotestanti: sala kabla ya kula, kusoma Biblia baada ya kula, zaburi za kuimba kwa moyo. Limburg ilikuwa ya Kikatoliki: ishara ya msalaba kwa mkono wa kulia, Baba Yetu, Salamu Maria, rozari. Mtoto aliyejua maneno yote lakini akasita pale wenzake wanapopiga magoti alionekana haraka kuliko asiyejua kitu. Lugha ilisaidia upande wa pili. Baada ya miezi michache mtoto wa Amsterdam aliongea Kifrisia au lahaja ya Limburg kama aliyezaliwa pale, na hakuna mpelelezi wa mjini aliyeweza kumtilia shaka kwa ulimi wake. Walioteseka kwa lugha walikuwa watoto wa wakimbizi kutoka Ujerumani, ambao Kiholanzi chao kilikuwa na matamshi ya Kijerumani.

Chakula sasa, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi ilipovunjika. Mkate, mafuta, maziwa, nyama, sabuni, nguo na viatu vyote vilitolewa kwa mgawo. Kila mkazi aliyeandikishwa alikuwa na kadi ya msingi, na kwa kadi hiyo alipewa kuponi za kipindi kifupi. Kuponi zilitofautiana kwa umri. Aliyejificha hakuwa na kadi, au alikuwa nayo ikiwa na jina ambalo likionekana dirishani atakamatwa. Familia ya watu watano iliyopokea wa sita iligawa kuponi tano kwa vinywa sita. Mwezi mmoja inawezekana, miaka miwili haiwezekani, hasa mjini. Soko la magendo lilikuwapo, lakini bei yake ilikuwa ya wenye fedha.

Mwishoni mwa 1942 mama wa familia aitwaye Helena Kuipers-Rietberg na mchungaji Frits Slomp walianzisha mtandao wa kitaifa wa kuwasaidia waliojificha, uliojulikana kwa kifupi LO. Wakati huo Wayahudi wengi walikuwa tayari wamesafirishwa, na hili lisemwe wazi: msaada mkubwa ulichelewa. Mtandao ulipata kuponi kwa njia mbili. Ya kimya ilikuwa karani ndani ya ofisi ya mgawo, anayeandika kwamba kadi zimepotea au zimetolewa kwa watu wasiokuwapo. Ya kelele ilikuwa kuvamia ofisi kwa bunduki, kazi iliyofanywa na vikosi vilivyoitwa LKP. Wajerumani walijibu kwa kuleta kadi ya msingi ya pili, iliyolazimu kila mtu afike mwenyewe na kitambulisho chake, kusudi waliojificha wajitenge wenyewe. Makarani na waghushi wakaanza upya.

Pesa zilitoka makanisani, kwa wafadhili binafsi, kwa mauzo ya siri ya mashairi na picha, na baadaye kwa mfuko wa taifa wa msaada ulioendeshwa na mwanabenki Walraven van Hall. Van Hall alikopa kwa matajiri kwa ahadi ya kulipwa baada ya vita, na mwaka 1944 akachota mamilioni ya gilda, sarafu ya Uholanzi, kutoka benki kuu kwa hati za serikali za kughushi. Wajerumani walimpiga risasi Februari 1945. Kuhusu walezi, usiwapake wote rangi moja. Wapo waliokataa hata senti. Wapo waliopokea posho kwa sababu bila posho wasingeweza. Wapo waliodai zaidi kila mwezi, na mtoto akahamishwa haraka, kwani mtu aliyekuweka kwa bei anaweza pia kukuuza kwa bei. Wapo, na watoto waliozeeka wamelisema hili kwa uchungu, waliowapiga, waliowatumikisha, au waliowaingilia kimwili. Mtoto aliyefichwa hakuwa na pa kushtaki.

Kuhamishwa ndiko kulikowaumiza wengi. Mtoto mmoja angeweza kupita nyumba tano, kumi, wachache zaidi ya hapo. Kila nyumba ilikuwa na jina jipya la kumwita mama, kitanda kipya, sheria mpya. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa: jirani ameuliza swali, mlezi amepata mimba, mjumbe aliyejua anwani amekamatwa. Kanuni ilikuwa kwamba mjumbe akikamatwa, anwani zote anazozijua zihamishwe kabla hajateswa akasema. Kuhama kusikokuwa na maana kwa mtoto mara nyingi ndiko kulikomwokoa.

Vitu vilivyowasaliti vilikuwa vidogo. Kuanzia Mei 1942 kila Myahudi wa miaka sita na zaidi alishona nyota ya njano kwenye nguo ya nje. Ukiibandua kwenye koti lililokwisha kupauka, inabaki nyota ya kitambaa kisichopauka, na matundu ya sindano pembeni yake. Mjumbe mzoefu alibadilisha koti zima. Picha ya wazazi chini ya mto, barua ya mama iliyofika kwa huruma ya mtu, kikombe cha fedha chenye maandishi ya Kiebrania: wajumbe walivichukua vyote, na watoto hawakuwasamehe. Ununuzi nao ulisema, kwa mfano mke asiye na mtoto anapoulizia viatu vidogo. Ugonjwa ulisema kwa sauti kubwa zaidi. Upele na dondakoo vilienea, na daktari wa kuaminika alikuwa na thamani kama kuponi.

Mafichoni kwenyewe, yaani shimo chini ya sakafu au nafasi nyuma ya kabati, yalikuwapo katika nyumba nyingi, lakini kwa dakika za msako tu. Walifanya mazoezi kwa kuhesabu sekunde. Mtoto akiingia shimoni, mtu mzima alikwenda kugeuza godoro, kwa sababu wapekuzi waliweka kiganja kitandani kutafuta joto, na alihesabu vikombe mezani visizidi wakazi. Marion van Binsbergen, aliyejulikana baadaye kwa jina la ndoa Marion Pritchard, alimficha baba mmoja na watoto wake watatu katika nyumba huko Huizen, shimo likiwa chini ya sakafu ya sebule. Wapekuzi walikuja usiku, hawakuona kitu, wakaondoka. Mdogo kabisa alikuwa analia, wakatoka nje ya shimo. Muda mfupi baadaye polisi mmoja Mholanzi wa upande wa Wanazi akarudi peke yake. Kurudi ghafla baada ya kuondoka ilikuwa mbinu yao iliyojulikana. Marion alikuwa na bastola, akamuua, na mwili ukatolewa kwa siri ukazikwa ndani ya jeneza la mtu mwingine. Shimo lilikuwa zuri, mazoezi yalikuwa mazuri. Lililoharibu ni watoto kutolewa mapema. Ndiyo maana baadhi ya wafichaji waliwapa wachanga dawa ya usingizi, nayo ikizidi kipimo inaua.

Wanaowinda walilipwa. Kati ya Machi na Septemba 1943 kundi la Waholanzi lililoongozwa na Wim Henneicke lilikamata Wayahudi kati ya 8,000 na 9,000 kwa malipo ya gilda 7.50 kwa kichwa, mtoto na mtu mzima bei moja. Walifanya kazi kwa vidokezo vya majirani, kwa kuwatisha waliokamatwa wataje ndugu zao, na kwa kujifanya ni wa upinzani, yaani wale waliopambana na Wanazi kwa siri. Kwa mwenye nyumba adhabu Uholanzi haikuwa na uhakika: wengine waliachiliwa, wengine walipelekwa kambini wakafia huko. Polandi ilikuwa tofauti kabisa. Amri ya 15 Oktoba 1941 iliweka adhabu ya kifo kwa Myahudi anayetoka geto, yaani mtaa waliofungiwa Wayahudi, na kwa anayempa hifadhi, na familia nzima iliweza kuuawa. Ukilinganisha nchi hizi mbili darasani, usisahau tofauti hiyo kabla ya kusifu au kulaumu taifa lolote.

Walijuaje mtoto ni wa nani? Hapa Wabelgiji walikuwa hodari. Kamati ya kuwalinda Wayahudi iliyoundwa Ubelgiji mwaka 1942 iliwaficha watoto zaidi ya 2,000, na wajumbe wake, akiwemo mwalimu kijana Andrée Geulen wa Brussels, waliandika katika madaftari matano yaliyowekwa mahali tofauti. Moja lilikuwa na jina halisi na namba ya siri. Jingine namba na jina la bandia. Jingine alama za siri za nyumba zinazowahifadhi, na mengine yakakamilisha anwani. Askari akikamata daftari moja, amekamata namba zisizoongea. Ukiyaweka yote juu ya meza moja, kila mtoto anarudi na jina lake. Geulen mwenyewe alikariri mengi kichwani, na baada ya vita alizunguka kuwarudisha.

Warsaw, mfanyakazi wa ustawi wa jamii Irena Sendler na wenzake waliandika majina kwa kifupi kwenye karatasi nyembamba, zikafukiwa ndani ya chupa chini ya mti wa tufaha. Idadi ya 2,500 inayotajwa sana ni kazi ya watu wengi, wengi wao wanawake, si ya mtu mmoja. Mtoto mmoja wa miezi sita alitolewa geto mwaka 1942 ndani ya sanduku la mbao katikati ya shehena ya matofali, amepewa dawa ya usingizi. Pamoja naye kiliwekwa kijiko cha fedha chenye jina lake la utani na tarehe aliyozaliwa, 5 Januari 1942. Hakuna mtu wa familia yake aliyebaki, na kijiko hicho ndicho kilichokuwa cheti chake.

Uholanzi haikuwa na madaftari ya aina hiyo. Baada ya vita serikali iliunda tume ya watoto wa kulea wa vita, na watoto wapatao 2,000 wakawa yatima wa wazazi wote wawili. Sheria iliwapa wazazi mwezi mmoja tu kujitokeza, utadhani wanatoka safari ya kawaida. Wajumbe wengi wa tume walikuwa watu wa upinzani waliowajua watoto hao, na walivutia upande wa walezi. Mashirika ya Kiyahudi yalidai kwamba watoto waliobaki ni wachache mno kupotezwa tena. Mahakama zilikaa miaka. Kuna mtoto ambaye mahakama iliamuru arudishwe kwa jamii ya Kiyahudi, walezi wake Wakatoliki wakamvusha mpaka, na hakuonekana hadharani hadi alipotimiza miaka 21. Hata pale mzazi aliporudi haikuwa rahisi. Mtoto aliyeondoka na miaka miwili akarudishiwa mtu aliyekonda, asiyemjua, anayelia akimwona, na akatolewa kwa mwanamke aliyekuwa akimwita mama. Wengi husema utengano wa pili, ule wa amani, ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Kwa miongo mingi hakuna aliyewauliza. Waliambiwa hawakupata shida, kwa kuwa hawakufika kambini. Mkutano wao mkubwa wa kwanza wa kimataifa ulifanyika New York mwaka 1991, wakiwa watu wa makamo.

Nimalizie kwa yule mwanafunzi mwenye hasira. Familia zilizojificha pamoja zilikuwapo, na Anne Frank ni mfano, lakini kupata nyumba ya watu wanne ni kupata kuponi nne, vitambulisho viwili na jirani kipofu. Mtoto peke yake hakuhitaji kitambulisho, alikula kidogo, na aliweza kuitwa mpwa. Mtu mzima mwenye sura na matamshi ya mjini hakuweza kuitwa chochote, alifungiwa chumbani. Kwa hiyo aliyekuja kuwashawishi wazazi jumbani aliwaambia ukweli: kuna nafasi ya mtoto, hakuna ya kwenu, na hamtaambiwa anakwenda wapi, kwa sababu mkiteswa mtasema. Wengi walikataa. Waliambiwa wanapelekwa Mashariki kufanya kazi, na mzazi gani atamwachia mgeni mtoto wake ilhali anadhani watakuwa pamoja kambini?

Mwonyeshe mwanafunzi huyo tarehe. Kati ya Machi na Julai 1943, treni 19 zilitoka Westerbork kwenda Sobibor zikiwa na watu 34,313. Walionusurika ni 18. Takwimu hiyo tunayo sisi. Mama aliyesimama jumbani mwezi Aprili, mtoto mkononi, alikuwa na uvumi na usiku mmoja wa kuamua.